Hakuna Mkulima Anayevuna Wastani

Mwezi wa tisa ukielekea ukingoni, huku Machakos na Makueni kila nyumba yenye shamba huwa inapiga hesabu zile zile. Vuli itaanza lini? Ikianza, itafika Krismasi au itakatika Novemba? Mahindi yapewe shamba lote, au nusu iachiwe ndengu na kunde? Na ile pesa iliyobaki baada ya karo, inunue mbolea au iwekwe? Sehemu kubwa ya Kenya hutegemea masika ya Machi hadi Mei, lakini huku kwetu vuli ndiyo yenye kuaminika zaidi, na masika watu huyapandia kwa matumaini. Hesabu hizo zote zinafungwa kabla tone la kwanza halijaanguka. Mkulima hulipa kwanza, mvua huja baadaye, ikija.

Mimi ni mtaalamu wa kilimo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuendesha modeli za mazao, yaani programu za kompyuta zinazokuza mahindi kwa hesabu, siku baada ya siku, kuanzia kupanda hadi kuvuna. Naandika haya kwa sababu modeli hizi zimeanza kuwafikia wakulima kwa njia ya simu: ujumbe mfupi unamwambia mtu apande mbegu fulani, wiki fulani, na mbolea kiasi fulani. Nafurahi kwamba sayansi inafika shambani. Ila nina hofu kwamba kinachofika ni kile kipande cha modeli chenye faida ndogo kuliko vyote, yaani jibu moja. Ninachokitaka mimi kimfikie mkulima ni misimu yote, mizuri na mibaya, jinsi ilivyo, kisha aamue mwenyewe.

Nianze na jinsi modeli inavyofanya kazi, maana watu wengi hudhani ni aina fulani ya utabiri wa hali ya hewa. Modeli ya mazao haitabiri mvua hata kidogo. Inapewa mvua, na kazi yake ni kusema mmea ungeitumiaje. Kila siku inataka vitu vinne: joto la juu kabisa, joto la chini kabisa, mwanga wa jua na milimita za mvua. Umri wa mahindi haihesabu kwa siku za kalenda, inahesabu kwa joto lililokusanywa. Kwa mahindi, joto lililo chini ya nyuzi 8 halisukumi ukuaji. Siku yenye nyuzi 14 alfajiri na 26 mchana ina wastani wa 20, kwa hiyo mmea unaingiziwa nyuzi 12 kwenye hesabu yake. Zikifika jumla fulani, inayotofautiana kwa kila aina ya mbegu, mahindi yanachanua mbelewele na kutoa ndevu. Ndiyo maana mbegu ile ile huchelewa kukomaa kwenye vilima vya Mbooni na kuwahi ukiteremka kuelekea Kibwezi.

Udongo nao huhesabiwa kama mitungi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Mvua ikinyesha inajaza wa juu, ukizidi unamwagia wa chini yake, na ikivuka wa mwisho imepotea, mizizi haiifikii tena. Sehemu nyingine hutiririka juu ya ardhi, sehemu hukauka na jua. Kila siku modeli inauliza mmea unahitaji maji kiasi gani na mizizi imefika wapi. Pakiwa na upungufu, jani halipanuki, na upungufu huo ukiangukia wakati wa kutoa ndevu, punje hazitungi. Nitrojeni pia ina daftari lake: kiasi gani kimetoka kwenye mboji na samadi, kiasi gani mmea umevuta, na kiasi gani kimezolewa na maji kwenda chini.

Hayo yote yangekuwa zoezi la darasani tu kama si jambo moja. Ukishakuwa na kumbukumbu za mvua za miaka 30 au 40 za mahali fulani, unaweza kupanda shamba lile lile, kwa mbegu ile ile, katika kila msimu uliopita. Jaribio la kweli shambani huchukua misimu mitatu, minne, labda mitano kabla fedha hazijaisha. Mtafiti akibahatika kupata misimu mitatu ya mvua nzuri atatoa ushauri wa mvua nzuri, na mkulima ataufuata mwaka wa ukame. Kompyuta inamruhusu kuuliza ushauri huo ungefanyaje vuli ya 1997, mafuriko yalipobomoa madaraja, na ungefanyaje vuli ya 2010, mvua ilipokataa.

Wengi huku kwetu hawajui kwamba jambo hili lina mizizi hapa hapa. Katika miaka ya 1970 na 1980, katika kituo cha utafiti cha Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos, J. Ian Stewart na wenzake walikaa na takwimu za mvua na kuona kitu ambacho wazee wa huku Ukambani walikuwa wakikisema siku zote: msimu unaowahi kuanza kwa kawaida huwa na mvua nyingi na ndefu, na unaochelewa huwa mfupi. Kutokana na hilo walipendekeza kilimo cha kuuitikia msimu. Panda miche mingi na mbolea kidogo. Mvua ikiwahi na kuendelea vizuri, ongeza mbolea ya kukuzia baada ya wiki kadhaa. Ikichelewa au ikisuasua, punguza miche ili iliyobaki igawane maji yaliyopo.

Miaka ya 1980 ukaja mradi wa pamoja wa watafiti wa Kenya na Australia, hapo hapo Katumani. Walichukua modeli ya mahindi iliyotengenezwa Marekani, CERES-Maize, iliyochapishwa na Jones na Kiniry mwaka 1986, wakaijaribu kwenye udongo wetu. Ilibidi waifundishe mambo ambayo kwenye mashamba ya kule hayakuwa na uzito: mahindi yanayokufa kwa kiu kabla hata ya kuchanua, na udongo uliochoka kiasi kwamba mmea unaishi na nitrojeni ya kubahatisha tu. Toleo la Kenya likaitwa CM-KEN. Brian Keating, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, baadaye alikuwa miongoni mwa waliounda APSIM, modeli iliyojengwa Toowoomba katika jimbo la Queensland, Australia, na ambayo leo inatumika duniani kote. Hesabu za mahindi zilizomo ndani yake zilipitia Machakos. Kila ninapoifungua nalikumbuka hilo, na huwaambia wakulima waziwazi, kwa sababu wengi wanaiona kompyuta kama kitu cha wageni kilichokuja kuwafundisha. Sehemu ya akili yake ilitoka kwenye mahindi ya hapa.

Sasa nije kwenye kile CM-KEN ilichoonyesha, kwa sababu ndicho kinachonifanya niziheshimu modeli hizi. Imani iliyokuwepo, na ambayo bado ipo, ni kwamba kwenye nchi kavu tatizo ni maji. Mbolea ni ya watu wa Trans-Nzoia, kwenye mvua nyingi. Huku ukiitia, jua litaichoma pamoja na pesa yako. Walipoyapitisha mahindi ya mkulima wa kawaida kwenye misimu mingi iliyopita, walikuta kwamba katika misimu mingi mahindi hayakushindwa na kiu. Yalishindwa na njaa ya nitrojeni. Maji yalikuwepo ardhini na mmea haukuwa na nguvu ya kuyatumia. Majani yalikuwa machache na ya kijani kilichopauka, na mvua iliyonyesha ikakauka na jua au ikazama chini bila kuzaa punje. Kiasi kidogo cha mbolea, chini kabisa ya kile kilichopendekezwa kwa maeneo yenye mvua nyingi, kililipa katika misimu mingi. Katika misimu mibaya pesa ilipotea, hilo nalo lilionekana bayana.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mtafiti akijumlisha faida na hasara na kugawa kwa idadi ya misimu, mbolea kidogo inashinda. Ushauri unatoka: tieni mbolea. Lakini hakuna mkulima anayevuna wastani. Anavuna msimu mmoja, huu, na asipovuna analala njaa msimu huo huo.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, una mbegu mbili. Ya muda mfupi inakupa magunia 10 kwa ekari katika misimu mizuri, 8 katika ya kati, na 5 katika mibaya. Ya muda mrefu inakupa 16, 8 na 1. Kati ya misimu 30, mizuri ni 15, ya kati 8, mibaya 7. Piga hesabu: mbegu ya muda mrefu inatoa wastani wa magunia kumi na kidogo, ile ya muda mfupi inatoa manane na kidogo. Simu itakwambia panda ya muda mrefu. Mwalimu mwenye mshahara ataipanda na atakuwa amefanya vizuri, kwa sababu mwaka wa gunia moja atanunua unga dukani. Mama anayelea wajukuu peke yake, ambaye magunia matano ndiyo mstari kati ya kula na kuomba, ana haki ya kupanda ya muda mfupi kila mwaka hadi mwisho, hata kama wastani unamwambia anapoteza. Modeli haijakosea kwa yeyote kati yao. Aliyekosea ni aliyeikata misimu 30 ikawa namba moja kabla ya kuipeleka kijijini.

Zimbabwe walilishughulikia jambo hili kwa namna ninayoipenda. Mapendekezo rasmi ya mbolea yalikuwa makubwa kuliko mfuko wa mkulima wa nchi kavu, kwa hiyo wengi hawakutia kabisa. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kavu, walitumia APSIM kuuliza swali lingine: mtu mwenye mfuko mmoja tu wa mbolea, aufanyie nini? Jibu lilikuwa karibu kilo 17 za nitrojeni kwa hekta, yaani takriban mfuko mmoja wa kilo 50 wa nitrati ya amonia, robo tu ya pendekezo, unaotiwa kidogo kidogo kwenye shina wakati mahindi yameshasimama. Kipimo kikawa kifuniko cha chupa ya soda. Baada ya ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango huo uliwafikia zaidi ya kaya 160,000, na mavuno ya nafaka yaliongezeka kwa kati ya asilimia 30 na 50. Na kabla ya hapo, mwaka 2001 huko Zimuto, watafiti walikwenda na kompyuta zao, wakulima wakachora ramani za mashamba yao na jinsi wanavyogawa samadi na nguvu kazi, kisha michoro hiyo ikaingizwa kwenye modeli na kujadiliwa pale pale. Mkulima ndiye aliyeuliza na mashine ikajibu. Nimejaribu kuiga mpangilio huo katika kazi yangu.

Ninapokaa na kikundi, huja na grafu kubwa ya karatasi yenye nguzo moja kwa kila msimu, urefu wake ni mavuno ambayo modeli imeyahesabu. Kawaida yetu wataalamu ni kuzipanga nguzo kutoka fupi hadi ndefu, ili ionekane mara moja ni misimu mingapi iko chini ya kiwango fulani. Katika kikundi kimoja cha kina mama karibu na mji wa Wote, mama mmoja mzee aliitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii mibaya ilifuatana au ilikuja mmoja mmoja?"

Sijawahi kuulizwa swali zito zaidi ya hilo katika mkutano wowote wa wataalamu. Msimu mmoja mbaya anaumudu: ana mbuzi wa kuuza na shemeji wa kukopa. Wa pili mfululizo unamaliza mbuzi. Wa tatu unamwondoa mtoto shuleni. Misimu mitano iliyokataa kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, wakati La Niña, yaani kupoa kwa bahari ya Pasifiki, ilipokaa miaka mitatu bila kuachia, haikuwa misimu mibaya mitano ya kawaida. Tukaichora grafu upya kwa mpangilio wa miaka, na mazungumzo yakabadilika kabisa. Hakuna tena aliyeuliza mbegu ipi inazaa zaidi. Wakaanza kupanga nani aweke akiba ya mtama, ndengu ziuzwe lini, na baada ya msimu mbaya mmoja mbolea ipunguzwe kiasi gani ili deni lisiingie msimu wa pili. Modeli zetu zina uwezo wa kuhesabu mfuatano huo. Sisi ndio hatujazoea kuuonyesha.

Vipi kuhusu utabiri wa msimu? Hapo ndipo modeli ya hali ya hewa inapokutana na modeli ya mazao, na kwa vuli tuna bahati kidogo. Vuli ya Afrika Mashariki inafuata hali ya bahari kuliko misimu mingi duniani. Pasifiki ikipata joto la El Niño, au Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua huelekea kuzidi. Ikigeuka, huelekea kupungua. Mwaka 2019 ilikuwa Bahari ya Hindi pekee, bila El Niño ya maana, na tulifurika. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana kabla ya kila msimu na kutoa utabiri wa pamoja, nao husema kwa mafungu matatu: juu ya kawaida, kawaida, chini ya kawaida, kila fungu na asilimia yake.

Shida ni kwamba asilimia hizo zikifika redioni huwa zimeshakuwa tamko. "Asilimia 50 juu ya kawaida" inakuwa "mvua kubwa inakuja". Ninachofanya ni kurudi kwenye nguzo zangu na kupaka rangi misimu iliyopita yenye bahari kama ya mwaka huu. Kwa mwaka wa El Niño napaka 1982, 1997, 2006, 2015, 2023. Mkulima anaona mwenyewe kwamba nyingi ni ndefu, na anaona pia kwamba hazilingani. Kwa wazee wengi picha hiyo haihitaji maelezo marefu. Waliiishi miaka hiyo, na mara nyingi wananisahihisha: mwaka fulani mvua ilikuwa nyingi ila ilikuja yote kwa wiki tatu, au mavuno yaliozea shambani kabla ya kuanikwa.

Masika ni habari nyingine. Utabiri wake ni dhaifu, na hata modeli kubwa za tabianchi zimekuwa zikisema masika ya Afrika Mashariki yataongezeka, wakati vipimo kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010 vilionyesha yakipungua. Wanasayansi wenyewe wanaliita fumbo. Kwa sababu hiyo sipendi ramani zinazomwonyesha mkulima wa Makueni zao la kupanda mwaka 2050. Zinafaa kwa wanaopanga mabwawa, barabara na utafiti wa mbegu mpya. Mkulima apewe misimu aliyoiona na msimu ulio mbele yake.

Kuna vitu pia ambavyo modeli nyingi hazivioni kabisa, na ni lazima visemwe kabla grafu haijatandazwa. Viwavijeshi vamizi, waliotufikia 2017, hawamo. Nyani hawamo. Bei ya ndengu siku ya soko haimo, wala mgonjwa nyumbani aliyechelewesha palizi. Makinga maji ya fanya juu, yaliyookoa udongo wa vilima vya Machakos, yanaweza kuingizwa kwa kubadilisha hesabu ya maji yanayotiririka, ila inamhitaji mtu anayejua shamba hilo lina mteremko gani na makinga yametunzwa vipi. Nguzo za modeli kwa kawaida ni ndefu kuliko mavuno ya kweli. Mimi humwomba mkulima aniambie alivuna nini misimu michache anayoikumbuka vizuri, tuweke alama pembeni ya nguzo, tuone pengo. Pengo hilo lenyewe ni somo, na mara nyingi linaeleza kuhusu magugu kuliko mvua.

Kinachonikera zaidi ya yote ni vipimo. Ninapoiga shamba la yule mama wa karibu na Wote, mvua ninayotumia imekadiriwa na setilaiti. Data za CHIRPS zinaanzia 1981 na zinagawa nchi katika vipande vya takriban kilomita tano kwa tano, na bila hizo nisingekuwa na cha kufanyia kazi. Lakini setilaiti huelekea kuisambaza mvua: dhoruba moja ya milimita 40 inageuka siku tatu za manyunyu. Jumla ya mwezi inaweza kuwa sawa na mahindi yakafa tofauti kabisa, kwa sababu manyunyu hukaukia juu na dhoruba hujaza udongo. Udongo wenyewe nimeukopa kwenye shimo lililochimbwa na kupimwa kilima kingine. Ardhi yenye kina cha sentimita 60 na yenye kina cha mita moja na nusu ni mashamba mawili tofauti katika mwaka wa ukame, hata yakitenganishwa na ua tu.

Kwa hiyo nikiulizwa na watu wa serikali ya kaunti wanunue programu gani, huwaambia programu nyingi nzuri ni za bure. Wanunue vipimamvua. Kila kata ina shule, na kila shule ina mwalimu na wanafunzi wanaoweza kusoma kipimo saa tatu asubuhi kila siku, Jumapili na likizo zikiwemo, na kuandika kwenye daftari ambalo halihami na mwalimu. Wachimbe mashimo machache ya kupima udongo katika kila kata na kuweka matokeo mahali ambapo yeyote anaweza kuyachukua. Mwaka wa kwanza daftari hilo halitanifaa kwa mengi. Kufikia mwaka wa tano nitaweza kulilinganisha na setilaiti na kuisahihisha, na nguzo za misimu ya tangu 1981 zitaanza kuhusu kata hiyo, zenye udongo wake na mvua yake.